Umefungiwa ndani na chumba kimejaa nguo? Soma hapa kabla hujaanza kugawa

Jamani, kila mtu akiona chumba kidogo kilichojaa nguo ushauri wake ni uleule, punguza, gawa, kama hujaivaa mwaka mzima itoe. Sawa. Ila mimi niliyekaa kwenye apatimenti ya chumba kimoja kipindi chote kile cha korona nakwambia kwenye karantini ushauri huo haufai. Kwanza utazipeleka wapi? Wanaopokea nguo wamefunga, ndugu na marafiki hamtembeleani, kwa hiyo ukishajaza mifuko yako ya kugawa inakaa palepale mlangoni wiki baada ya wiki na inakula nafasi kuliko zile nguo zilivyokuwa kabatini, maana kule angalau zilikuwa zimekunjwa.

Sababu ya pili ndo kubwa: mtu aliyefungiwa hana akili ya kuchagua nguo. Usikasirike, ni kweli. Umeshinda na bukta na tisheti mwezi wa ngapi huo, ukikutana na suti unajiuliza hii ya nini, unaitoa, halafu mambo yanafunguliwa unaitwa kwenye usaili huna hata shati la maana. Au umenenepa kwa kukaa, au umekonda kwa mawazo, unaamua jinzi zote hazikufai, kumbe mwili unarudi. Wakati WHO wanatangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili sasa ni janga la dunia nzima wengi tulijua ni wiki chache tu, na ule mwisho rasmi wa hali ya dharura ukaja kutangazwa Mei 2023, sasa hapo katikati ungekuwa umegawa nguo kwa hasira mara ngapi?

Kwa hiyo usigawe, hamisha. Nguo za kutokea, za sherehe, za baridi kama ni joto, zote kwenye sanduku, chini ya kitanda, zikiwa safi na kavu kabisa. Hizo za kila siku ndo zibaki karibu.

Halafu kuna ile nguo ambayo si safi si chafu. Hii ndo inayojaza chumba, amini usiamini. Umevaa sweta kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, umelivua, kulirudisha kabatini unaona kinyaa, kulitia kwenye tenga la nguo chafu unaona huruma, linaishia kwenye kiti. Zamani ulikuwa unatoka, nguo inachafuka kweli, jioni inakwenda kufuliwa, hapakuwa na mjadala. Sasa hutoki, hakuna kinachochafuka sana, kila kitu kinakaa hapo katikati na kiti kinapotea, kisha meza, mwishoni unalala upande mmoja wa kitanda kwa sababu upande wa pili umelaliwa na suruali. Dawa yake ni kuipa makazi: kulabu chache nyuma ya mlango, basi. Kulabu zikijaa, iliyotangulia inakwenda kufuliwa, hakuna rufaa. Mimi hii peke yake ilinirudishia kiti.

Sasa suala la hewa, hapa tusikilizane vizuri maana watu wanalichukulia poa. Ukifua mzigo mmoja wa mashine na kuuanika ndani, yale maji yote yaliyobaki kwenye nguo, ambayo yanaweza kufika hata lita mbili, yanaingia kwenye hewa ya chumba unacholala. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa yanakwenda kugeuka matone kwenye kioo cha dirisha na kwenye ukuta wa nje ambao ni wa baridi, na ukuta huohuo ndo umeubandikia rundo la makoti. Siku ukilivuta koti unakuta madoa meusi mgongoni na ile harufu ya uvundo. Ukungu huo, na ukiwa na pumu utaujua mapema zaidi. Kwa hiyo fua kidogokidogo, usingoje mlima, kamua vizuri, anika karibu na dirisha lililo wazi, na acha upenyo wa vidole vichache kati ya kabati na ukuta hewa ipite. Njia ya kufika dirishani isizibwe na kitu chochote, hata kama chumba kizima ni vurugu, hiyo njia ilinde.

Nondo nao. Yule kipepeo anayeruka hali nguo, wanaokula ni viwavi wake, na wanapenda sufu, hariri na manyoya, pamba wanaigusa zaidi ikiwa na jasho au madoa ya chakula. Wanapenda giza na kutosumbuliwa, yaani sanduku lako lile la chini ya kitanda ni hoteli yao, ndo maana nikasema zikiwa safi. Lifungue mara mojamoja, kung'uta nguo, zipige jua. Vile vidonge vyeupe vya naftalini usivitawanye ovyo chumbani unamolala, mvuke wake si wa kuvuta usiku kucha, watoto wanadhani ni pipi, na mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, vinaweza kumharibia chembe hizo.

Kuhusu ule ushauri wa "vaa kama unaenda kazini hata kama uko nyumbani", mi siuafiki. Jinzi ya kubana ya kukalia kitandani ya nini? Ila uliyolala nayo usishinde nayo, hiyo nakubali, usiku na mchana vinachanganyikana vibaya sana ukiwa ndani.

Kama mnaishi wawili, kila mtu na kulabu zake na rundo lake, usilikunje la mwenzio kwa nia njema, kwenye chumba kimoja hakuna pa kwenda kununa.

Na simu. Saa sita usiku usingizi hamna, unaagiza nguo mtandaoni kwa sababu tu unataka kitu kigonge mlango. Nakuelewa kabisa. Iache kwenye kikapu hadi asubuhi, halafu kabla hujalipa simama, angalia chumba, onyesha kwa kidole itakapokaa. Kama kidole hakina pa kuelekea, funga simu.