Utando mweupe shavuni na karatasi ya maabara

Shangazi yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, alitafuna tambuu kwa zaidi ya miaka 30, na tonge la popoo, chokaa na tumbaku alikuwa akiliweka daima katika shavu la kushoto. Shavu hilohilo ndilo lililoota utando mweupe usiotoka hata ulipofutwa kwa pamba. Kwa miezi miwili tulimsukutuza maji ya chumvi, na miezi hiyo naijutia hadi leo.

Alipokatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi, majibu yalitaja protini mbili, p53 na Ki-67. Daktari alinieleza kwamba p53 huizuia seli yenye kasoro isiendelee kugawanyika. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana katika kiini cha seli, na kwa rangi ya maabara huonekana kahawia chini ya hadubini, ingawa upo uharibifu mwingine unaoifanya isionekane kabisa. Ki-67 huonekana katika seli zinazogawanyika. Katika mdomo wenye afya seli hizo hukaa chini, karibu na tabaka la msingi, yaani safu ya chini kabisa ya ngozi ya ndani ya mdomo, kwa hiyo zikipanda juu daktari huwa na sababu ya kushtuka.

Ukipewa karatasi kama hiyo, usidhani kwamba p53 peke yake inathibitisha saratani, wala usitulie kwa kuwa haikuonekana. Uamuzi hutokana kwanza na umbo la seli zenyewe, kwa hiyo uliza zimebadilika kwa kiasi gani na kama zimepenya hadi chini ya tabaka la msingi. Za shangazi yangu zilikuwa hazijapenya. Utando ukaondolewa, naye akaiacha tambuu.

Wapo wanaoondoa tumbaku wakabaki na popoo, wakiamini wamesalimika. Hawajasalimika: mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo yenyewe husababisha saratani kwa binadamu. Popoo pia hukaza mashavu polepole, hata mdomo ukashindwa kupokea vidole vitatu vilivyosimamishwa.

Basi vuta shavu kwa kidole mbele ya kioo penye mwanga. Ukiona utando mweupe, au mwekundu ambao ni wa hatari zaidi, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda hospitali. Ukirudi kuangaliwa tena, chukua majibu ya zamani, kwa kuwa daktari atahitaji kuyalinganisha na mapya.