Maswali ya Wasomaji: Je, kumtoa kuku kizimbani kunatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nchi kadhaa zimepiga marufuku kufuga kuku wa mayai katika vizimba vya waya. Nililifurahia jambo hilo, lakini rafiki yangu mfugaji anadai kwamba kuku walioachiwa ndani ya banda hudonoana na kuumia zaidi. Ni nani wa kuaminiwa? Na je, kuku wa nyama, ambaye kwa kawaida hafungiwi kizimbani, ana nafuu?

JIBU: Rafiki yako hasemi uongo, ila ameishia nusu ya habari.

Tuanze na kizimba chenyewe. Sheria za zamani za Ulaya zilimpa kila kuku sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi ya A4, na humo hawezi kunyoosha mabawa, kuoga vumbi wala kupata kiota. Kuku anayekaribia kutaga husumbuka akitafuta pa kujificha, na anapozungukwa na waya mtupu huhangaika huku na huku mpaka yai litoke. Uswisi iliachana na vizimba hivyo mwaka 1992, nao Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 1999 lililoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2012, baada ya wafugaji kupewa muda mrefu wa kujiandaa.

Sasa, mwenzako ana hoja anaposema kuwa bandani kuna hatari zake. Kuku ni ndege wa kuparura, na sehemu kubwa ya siku yake huipitisha akidonoa ardhi kutafuta chakula. Asipopata cha kuparura, mdomo huhamia kwenye manyoya ya jirani, na damu ikishaonekana, wengine hujiunga. Wafugaji wengi huzuia hayo kwa kukata ncha za midomo ya vifaranga, jambo linalopunguza majeraha bila kugusa chanzo chake. Kinachosaidia ni matandazo makavu yanayoparurika, chakula kisichopungukiwa protini, mwanga usio mkali, na vifaranga kuzoeshwa vichanja tangu wadogo, kwa kuwa kuku aliyekulia sakafuni hukosea anaporuka na kuvunja mfupa wa kidari. Mfupa huo huvunjika hata kizimbani, maana kuku wa kisasa hutaga mfululizo na hutumia kalsiamu ya mifupa yake kutengeneza maganda. Kwa hiyo banda linaloendeshwa vibaya linaweza kweli kuwa la mateso, lakini linaweza kurekebishwa, ilhali kizimba hata kikiendeshwa na hodari wa mahodari hakimpi kuku nafasi ya kuishi kama kuku.

Kuhusu kuku wa nyama, jibu langu ni hapana, na kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa zaidi linalozungumzwa kidogo zaidi. Aina zinazokua haraka hufikia kilo 2 au zaidi kwa takriban wiki 6, uzito unaoilemea miguu ambayo bado ni ya kifaranga. Siku za mwisho hushinda amelala juu ya matandazo yaliyolowa kinyesi, na amonia humuunguza nyayo na vifundo. Ukinunua kuku mzima aliyeachiwa vifundo, tazama hapo kama kuna baka la kahawia. Wazazi wa kuku hao nao hunyimwa shibe kwa makusudi, kwani wakila watakavyo hunenepa kupita kiasi na kushindwa kuzaliana vizuri.

Dawa ni kuchagua aina zinazokua polepole na kupunguza idadi yao bandani. Gharama hupanda, kwa sababu kila kilo ya nyama huhitaji chakula kingi zaidi, na anayekuambia vinginevyo anafanya biashara.

Basi unaponunua mayai, tafuta nembo inayoeleza namna ya ufugaji na chombo huru kinachoukagua. Kwa nyama, uliza aina ya kuku na umri wa kuchinjwa, kwa sababu maandishi ya "hakufungiwa kizimbani" hapo hayakuelezi lolote.