Baraza peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama mtaa mpya ukijengwa kwa nyumba za Kiswahili, zenye baraza na milango ya nakshi, watu wataacha magari na kutembea. Sura ya nyumba ina uzito mdogo. Tazama Kariakoo: nyumba nyingi za chini zimebomolewa, maghorofa yamepanda, na bado watu wanatembea, kwa sababu ramani ya mitaa ilianza kupimwa enzi za Mjerumani na imebaki. Vipande vifupi vya mtaa, njia panda za karibu, milango ya maduka inafunguka barabarani.

Kinachoua mtaa ni ukuta. Kiwanja kikizungushiwa uzio wa mita 2 na geti moja, baraza inaangalia matofali. Weka sharti la uzio wa mbele usiozidi mita 1, na njia panda kila mita 80 hadi 100.

Halafu mfereji, ambao wachoraji wengi wanausahau! Dar mvua za masika zikishuka, mfereji wazi unajaa taka na mtembea kwa miguu anasukumwa barabarani, katikati ya bodaboda. Ufunike kwa vipande vya zege vya sentimita 60 kwa 60, unene 7.5. Kimoja kina kilo 65 hivi, watu wawili wanakiinua kuzibua. Ukimwaga zege moja kwa moja juu ya mfereji, mchanga utaganda ndani na hakuna atakayeufikia.

Mwisho, kivuli: panda mwarobaini pande zote mbili za mtaa, mita 8 kati ya mche na mche.