Ekseli ya Mbele ya Hilux: Nene au Inayolingana?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Hilux ya dizeli ya mwaka 2001, yenye nati 6 kwa kila gurudumu, ninayoitumia kwenda shambani Kisarawe na kurudi Kigamboni. Mfumo wake wa mbele, ambao kila gurudumu linajitegemea, umenichosha kwa kuchana mipira ya sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikatwa kona). Fundi amenishauri niuondoe wote na kufunga ekseli nzima. Ilala nimeonyeshwa mbili za mtumba: ya Land Cruiser 80, ambayo muuzaji anaisifu kwa unene, na ya Hilux ya zamani yenye springi za bapa. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua ya Hilux, endapo itapita vipimo nitakavyovieleza. Sibishani na muuzaji wako kuhusu uimara wa Land Cruiser 80, na matundu ya nati zake 6 yanaoana na ya gari lako. Hata hivyo, ekseli ile ilitengenezwa kwa koili springi, kwa hiyo mikono yake italazimika kukatwa na vikalio vipya vya springi za bapa kuchomelewa; aidha ni pana, kiasi kwamba matairi ya mbele yatatokeza nje ya madigadi huku ya nyuma yakibaki ndani. Zaidi ya hayo, Land Cruiser 80 nyingi huendesha magurudumu manne muda wote na hazina loki za kuzungusha kwa mkono, zinazotenganisha magurudumu na ekseli, hivyo usipoziwekea, difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) na propela (mti unaoleta nguvu kutoka giaboksi) ya mbele vitazunguka bure hadi Kisarawe.

Linaloharibu kazi hii mara nyingi ni uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja. Ikiwa difu ya nyuma ni 4.3 na ya mbele ni 4.1, kila nyuma inapotaka kwenda mita 100, mbele inataka kwenda karibu mita 105. Ukiwa lami bila kuingiza gia ya mbele hutasikia lolote. Ukiiingiza kwenye tope, matairi yatateleza na kuificha tofauti. Lakini kwenye ardhi kavu ngumu propela zitajikaza hadi kitu kivunjike. Usikubali kuambiwa "zote ni za Toyota". Mbele ya muuzaji, piga alama ya chaki kwenye flenji ya propela (bamba la difu linalofungwa propela), mwambie msaidizi ashikilie habu (kitovu cha gurudumu) ya upande mmoja isizunguke, kisha zungusha ya upande wa pili mizunguko 2 kamili huku ukihesabu mizunguko ya flenji. Ikizunguka mara 4 na kuzidi kidogo tu, hiyo ni 4.1, ikikaribia mara 4 na theluthi, hiyo ni 4.3. Fanya vivyo hivyo kwa difu yako ya nyuma kabla hujatoa hata shilingi.

Kisha lala chini ya gari uone propela ya mbele inatokea upande gani wa giaboksi, kwa sababu kichwa cha difu lazima kiwe upande huohuo. Uliza pia ekseli imetoka wapi: ya Japani hutoka kwenye gari lenye usukani kulia kama letu, ilhali ya Dubai huenda mkono wake wa usukani uko kushoto.

Kuhusu uzima wake, fungua kizibo cha juu cha nyumba ya sivi jointi, uchovye waya. Grisi nzito ni dalili njema. Uji mweusi mwepesi unaonuka oili ya difu unamaanisha sili ya ndani, inayozuia oili isivuje, imekwisha. Sili si ghali, ila mwambie muuzaji apunguze bei kwa hiyo.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni boksi la usukani. La gari lako husukuma mkono kulia na kushoto, na la Hilux ya zamani husukuma mbele na nyuma. Basi nunua ekseli pamoja na boksi lake, fimbo ya usukani, springi na vishikizo vyake, vyote kutoka gari moja ikiwezekana, na uitaarifu kampuni yako ya bima kabla kazi haijaanza.

Wakati wa kuchomelea, fundi abandike vidoti tu kwanza (nukta chache za kushikilia), alishushe gari likae kwa uzito wake wote, apime mwinamo wa ekseli. Ikiwa imeinamia mbele, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona na gari litayumba barabarani. Kurekebisha kwenye vidoti ni kazi ya nusu saa. Baada ya kuchomelea kote, ni kukata upya.