Uliza Ujibiwe: Uzamili wa afya ya akili huku ukiingia zamu

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, nipo Kasulu, mkoani Kigoma. Kliniki yetu hupokea wenye sonona, kifafa na watu waliokimbia vita. Nataka kusoma uzamili wa afya ya akili kwa mtandao, chuo cha Uingereza, bila kuacha kazi. Nitaweza? Nikimaliza nitakuwa mwanasaikolojia tiba?

JIBU: Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowagharimu watu ada. Hapana. Uzamili wa namna hiyo hukupa maarifa, haukupi leseni. Saikolojia tiba hufunzwa mbele ya mgonjwa, msimamizi akikuangalia. Hapa nchini njia hiyo ipo MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, na itakubidi uombe ruhusa ya masomo na uondoke Kasulu. Ukitaka kubadili kada, nenda huko. Ukitaka kuhudumia vizuri zaidi, kusimamia kitengo au kufundisha wenzako, wa mtandaoni unatosha. Kabla hujalipa chochote, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu utambuzi wa shahada hiyo, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kama itaingia kwenye usajili wako.

Sasa hesabu ya muda. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili, ni zaidi ya saa 17 kila wiki, bila likizo hata moja. Kwa mtu wa zamu za usiku hiyo ni nyingi mno. Kwa miaka mitatu inashuka hadi kama 12, na hapo panavumilika. Ukisita, anza na cheti cha uzamili cha krediti 60. Vyuo vingi huruhusu kuziendeleza baadaye, ila hakikisha chuo chako kinaruhusu, na kwa maandishi.

Angalia pia saa za vipindi vya moja kwa moja. Saa 12 jioni ya London ni saa 3 usiku Kasulu wakati wa baridi yao, na saa 2 usiku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Mpelekee mpanga zamu ratiba ya muhula mzima siku unayoipata. Ombi la dakika za mwisho halimpendezi mtu.

Wengi hukwama kwenye tasnifu. Idhini ya maadili ya chuo cha nje haikuruhusu kuhoji wagonjwa wa Tanzania. Unahitaji idhini ya hapa, kwa kawaida kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu unahitaji pia kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Anza kuomba mapema, mada ikiwa bado mbichi. Ukitumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, kumbuka swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Andika kwenye pendekezo lako nani atamwona mtu huyo siku hiyohiyo, kwani anayejibu ndiyo haachwi arudi nyumbani na fomu tu. Kama hayo yote ni mzigo, fanya mapitio ya tafiti zilizochapishwa. Hayahitaji mgonjwa hata mmoja, ila yanataka bando na maktaba ya chuo.

Kuhusu ada, tafuta ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali. Unabaki nyumbani na kazini, lakini hutolewa kwa kozi maalumu tu, hivyo soma orodha yao kabla ya kuchagua chuo.

SWALI: Mimi ni tabibu mwenye stashahada, Urambo, Tabora. Naweza kuingia uzamili moja kwa moja?

JIBU: Kwa vyuo vya hapa, shahada ya kwanza kwanza. Wakati unaitafuta, omba mafunzo ya mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa kwa wahudumu wasio mabingwa. Toleo lake la pili ni la mwaka 2016, na lina hatua za kutambua na kutibu sonona, saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) na kifafa. Utalitumia kesho asubuhi.