Kutoka Chicago hadi New Orleans kwa behewa la Pullman: nilivyompeleka baba

Habari za jioni wakuu. Namjibu dada aliyeuliza kuhusu treni ya kizamani ya kifahari ya kwenda New Orleans. Kasema wazazi wake wanakuja kumtembelea Chicago, mwakani wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na hajui kama zile picha za mabehewa yenye taa za shaba na vitambaa vyeupe ni za kweli, au kama ni bora awakatie ndege wafike kwa saa mbili na ushee. Mimi safari hiyo niliifanya na marehemu baba yangu Machi 2014, kwa hiyo nivumilieni niandike kwa urefu.

Kwanza majibu ya haraka, dada, usije ukatuma pesa kwa mtu. Huduma tuliyopanda sisi iliitwa Pullman Rail Journeys (Pullman ni ile kampuni ya zamani ya mabehewa ya kulala), na haipo tena. Ukiona mtu anakuuzia tiketi zake leo, kimbia. Walikuwa wamefufua mabehewa ya zamani, wakayapaka rangi ya kahawia na chungwa kama ya kampuni ya reli ya Illinois Central enzi zake, halafu yanafungwa nyuma ya treni ya kawaida ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, iitwayo City of New Orleans. Treni hiyo ya kawaida ndiyo bado ipo. Inatoka Chicago usiku, inafika New Orleans kesho yake alasiri, maili 934, kama kilomita 1,500. Kwa sisi tunaojua Reli ya Kati, ni zaidi ya Dar hadi Kigoma, ila inamalizwa kwa saa 19 hivi.

Leo una njia mbili za kuwapa wazee ladha ile. Ya kwanza ni vyumba vya kulala vya Amtrak yenyewe. Mabehewa yao ni ya ghorofa, si ya kizamani, lakini chakula kimo ndani ya nauli ya chumba. Usiwachukulie wazee kile chumba kidogo cha watu wawili chenye choo nje; kitanda cha juu kinapandwa kwa vidato, magoti ya mtu mzima hayataki mambo hayo. Chukua kile kikubwa chenye choo na bafu ndani. Ya pili ni kukodi behewa la mtu binafsi. Marekani kuna watu wanamiliki mabehewa ya miaka ya 1920 hadi 1950, wanayatunza kama watoto, na Amtrak huyavuta kwa malipo. Ila tangu 2018 masharti yamebanwa, na gharama ni ya kuchangiwa na ukoo mzima. Kama lengo ni kulala tu ndani ya Pullman halisi, stesheni ya zamani ya Indianapolis iligeuzwa hoteli, na baadhi ya vyumba vyake ni mabehewa ya Pullman yaliyosimama palepale kwenye reli.

Sasa nieleze kwa nini nasema safari hii inastahili kila senti, hata kwa hilo behewa la kisasa.

Baba yangu alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala. Aliajiriwa Tabora mwaka 1966, wakati ni East African Railways and Harbours, akaendelea na Shirika letu la Reli baada ya Jumuiya kuvunjika 1977. Maisha yake yote ya kazi ni Dar–Kigoma na Dar–Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza alikodi furushi la matandiko: shuka, blanketi, mto. Baba ndiye aliyelifungua, akatandika, na asubuhi akalikusanya na kulihesabu. Hakuwahi kulala kwenye kitanda alichotandika mwenyewe. Alikuwa na kiti chake mwisho wa behewa. Nilipoona tangazo la treni ile, kabla sijaangalia bei nilikuwa nimeshaamua ni nani wa kumpeleka.

Tuliondoka Chicago Union Station saa mbili usiku. Jengo lile lilifunguliwa 1925, na ukumbi wake ukisimama katikati unasikia nyayo zako mwenyewe. Baba alivaa suti. Nilimwambia si lazima, akaniambia daraja la kwanza huwezi kupanda kama unakwenda sokoni.

Chakula cha usiku nakipita: nyama laini, sahani za kaure, visu vizito, kahawa isiyoisha kikombeni. Kizuri sana. Lakini kilichonibaki moyoni ni kitanda.

Tulikuwa tumechukua nafasi ya aina ya zamani kabisa, ile yenye viti viwili vipana vinavyotazamana, mapazia mazito pembeni, na njia ikipita katikati ya behewa. Mhudumu wetu alikuwa mzee Mmarekani Mweusi, koti jeupe, kimya. Alikuja kama saa nne na nusu. Akavuta makalio ya viti viwili yakakutana katikati, migongo ikalala chini, pakawa kitanda. Kisha akapachika mkono wa chuma kwenye tundu darini, akauzungusha, na ile sehemu niliyodhani ni dari ya mviringo ikashuka taratibu kwa minyororo. Ndani yake mlikuwa na godoro, mito, na mbao za kutenganisha kitanda chetu na cha jirani. Baba alisimama muda wote. Yule mzee alipomaliza kitanda cha chini, baba akainama, akapitisha kiganja chini ya ukingo wa godoro, mahali shuka inapokunjwa pembe. Alikuwa anakagua. Niliona aibu kidogo, lakini yule mhudumu aliona na akaelewa. Akaniuliza, huyu mzee alikuwa kazi hii? Nikasema ndiyo, Tanzania, miaka zaidi ya 25. Hakusema neno. Akamkabidhi baba ncha mbili za shuka ya kitanda cha juu, yeye akashika nyingine mbili, wakaitandaza pamoja. Wazee wawili wasio na lugha moja, treni inayumba, na shuka ikakaa bila mkunjo hata mmoja. Baba alipoingiza pembe kwa namna yake ya Tabora, kwa vidole viwili na kofi dogo la kiganja, yule mzee alicheka akairudia.

Tulikaa naye baadaye kwenye behewa la nyuma, mimi nikiwa mkalimani. Hapo ndipo nilipojifunza mengi, na mengine nimeyasoma tangu siku ile. Miaka ya 1920 kampuni ya Pullman ndiyo iliyoajiri watu Weusi wengi kuliko kampuni nyingine yoyote Marekani. Wahudumu pekee walikuwa kama 12,000. Walifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi, mshahara mdogo, wakitegemea bakshishi. Abiria hawakuwaita kwa majina yao. Wote waliitwa "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wakaanzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakapambana miaka 12 mpaka kampuni ikasaini mkataba 1937. Wahudumu hawahawa walibeba nakala za Chicago Defender, gazeti la watu Weusi, wakazishusha kusini, watu wa Mississippi wakasoma kuwa Chicago kuna kazi. Na Montgomery mwaka 1955, Rosa Parks alipokamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, mmoja wa waliokwenda kumwekea dhamana ni E. D. Nixon, mhudumu wa Pullman.

Baba aliuliza swali moja tu: na ninyi mlilala wapi? Yule mzee akaonyesha kwa mkono: kwenye chumba cha kuvutia sigara, karibu na choo, ukipata saa tatu za usingizi umebahatika. Baba akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Usiku ule alilala kitanda cha chini, mapazia yamefungwa. Saa kumi alfajiri nilimsikia akikoroma, nikalia kimyakimya kule juu.

Usiku huohuo treni inavuka mto Ohio pale Cairo, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Illinois. Mkiweza kukesha, msipitwe. Zamani mtu Mweusi aliyekuwa anatoka Chicago akiwa amekaa popote alipotaka, akifika eneo lile alihamishiwa behewa la watu Weusi, maana ng'ambo ya mto sheria zilikuwa nyingine. Wanaokwenda kaskazini walivuka daraja lilelile kinyume chake, maelfu kwa maelfu, wamefunga kuku wa kukaanga kwenye masanduku ya viatu kwa sababu behewa la chakula halikuwahudumia.

Asubuhi Memphis, kama saa kumi na mbili na nusu. Treni inasimama vya kutosha kushuka na kunyoosha miguu. Kisha Mississippi: mashamba tambarare hadi macho yachoke, Greenwood, Yazoo City, Jackson. Baba alilinganisha udongo ule na wa Shinyanga, kwa sababu ya pamba. Mashamba yalikuwa hayajapandwa bado, meusi, na maji yamesimama kwenye matuta.

Baada ya Hammond, dada, wahamishie wazee upande wa kushoto wa treni. Unaingia kwenye mabwawa ya Manchac, reli inapita katikati ya maji, miti ya misaiprasi imesimama ndani ya maji ikiwa na ndevu za majani ya kijivu. Ziwa Pontchartrain linakuja upande huo wa kushoto, na kwa muda hakuna kitu dirishani ila maji. Na kabla ya kuingia stesheni, treni inageuza na kurudi kinyumenyume hadi jukwaani. Sisi tulikuwa behewa la mwisho, kwa hiyo tukawa wa kwanza kuingia. Baba alikuwa kwenye dirisha la nyuma, mikono nyuma ya mgongo, kama gadi.

Kuhusu mji: wapeni siku tatu angalau. Mtaa wa Wafaransa (French Quarter, sehemu ya kale ya mji) ulijengwa upya sehemu kubwa wakati wa Wahispania, baada ya mioto ya 1788 na 1794. Ndiyo maana kuna nyua za ndani na baraza ambazo mtu wa Mombasa au Unguja anajisikia nyumbani. Mgahawa wa Café du Monde upo tangu 1862. Wanauza kitu cha mraba, kimekaangwa, kimezikwa kwenye sukari ya unga. Baba aliuma akasema, "Hili ni andazi limevaa kanzu." Halina iliki wala nazi, lakini na kahawa ya maziwa linashuka. Agizeni pia gumbo, mchuzi mzito wa huko. Wataalamu wengi wanaliunganisha neno hilo na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, na bamia yenyewe mara nyingi mtaiona ndani ya sahani. Jumatatu kuna maharage mekundu na wali, hapo hakuna wa kuwafundisha.

Nendeni Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Hapo watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kuuza vitu vyao, wakati sehemu nyingine nyingi za Marekani ngoma zilipigwa marufuku. Chini ni mawe yaliyopangwa kwa duara. Kaeni tu pale.

Mwisho kabisa, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, wapelekeni kwenye makutano ya mitaa ya Press na Royal, reli inapokatiza. Tarehe 7 Juni 1892 fundi viatu mmoja aitwaye Homer Plessy alipanda behewa la Wazungu, akasema yeye ni Mweusi, akakataa kuhama. Ilipangwa, kamati ya raia wa New Orleans ilitaka kuipinga mahakamani sheria ya 1890 ya kutenganisha mabehewa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1896, na ubaguzi ukapata muhuri wa sheria hadi 1954. Kuna kibao kimewekwa pale tangu 2009. Baba aliniomba nimsomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, akavua kofia. Treni ya mizigo ikapita wakati nasoma, nikalazimika kunyamaza. Aliyahesabu mabehewa yote kwa midomo, kama alivyozoea.

Januari 2022 gavana wa Louisiana alimsamehe Plessy rasmi. Nilimpigia baba simu Tabora nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Asamehewe kwa kosa gani?"

Pale hakuna tiketi wala mlango, dada, ni pembeni mwa njia ya reli. Nendeni asubuhi kabla joto halijapanda, na mama avae viatu vya chini maana kokoto ni nyingi. Ukitaka nikutajie ni mwezi gani nauli za vyumba huwa nafuu, niandikie, nitakutafutia.