Muuzaji wa bunduki ana kesi ya kujibu?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mdogo wangu anaishi Marekani. Alikuwa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta akapigwa risasi ya paja na kijana aliyekuja kuiba. Kijana amefungwa. Kwenye kesi ilibainika kuwa bastola aliinunua mpenzi wake dukani, kijana mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo kaunta anamwonyesha ipi achukue. Sasa mdogo wangu anatembea na gongo, na madeni ya hospitali yanamwelemea. Rafiki zake wanamwambia asijisumbue, kwamba kule duka la bunduki halishtakiwi, kiwanda ndiyo kabisa. Ni kweli? Na kama ni kweli, ni haki? – Dada mtu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mdogo wako pole nyingi. Hao rafiki zake wameisikia nusu ya sheria, na nusu waliyoikosa ndiyo inayomhusu.

Sheria wanayoisema ilisainiwa na Rais George W. Bush Oktoba 2005. Inazuia kesi za madai dhidi ya watengenezaji na wauzaji wa bunduki pale silaha yao inapotumiwa na mhalifu. Walioipitisha walisema anayeuza bidhaa halali kwa kufuata taratibu asibebeshwe makosa ya mtu asiyemjua. Hoja hiyo siibezi. Lakini sheria yenyewe imeacha milango. Muuzaji akimkabidhi silaha mtu ambaye alijua, au alipaswa kujua, kuwa ataitumia kuhatarisha wengine, anashtakika. Vivyo hivyo akivunja kwa makusudi sheria za uuzaji wa silaha, na hapo wametaja waziwazi kosa la kuandika uongo kwenye kumbukumbu za mauzo.

Ndiyo maana nimekaa na ile sentensi yako ya kaunta. Kule, anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni hujaza fomu namba 4473. Humo anaulizwa kama yeye ndiye mnunuzi halisi, na anaonywa kuwa akimnunulia mtu mwingine jibu ni hapana, na hauziwi. Muuzaji naye anaweka sahihi yake.

Mwaka 2009 mjini Milwaukee, kijana wa miaka 18, ambaye umri ulimzuia kununua bastola dukani, alimlipa mwenzake amnunulie. Waliingia dukani wote wawili. Jibu la swali la mnunuzi halisi likabadilishwa kwenye fomu, na bastola ikauzwa. Wiki chache baadaye kijana aliwapiga risasi za kichwa polisi wawili. Walipona, mmoja akapoteza jicho. Walilishtaki duka, na Oktoba 2015 jopo la wananchi lililosikiliza kesi likaamua kwamba duka lilifanya uzembe, likawapa fidia ya karibu dola milioni 6. Sheria ya 2005 ilikuwepo, na haikulikinga duka lile. Soma tena habari ya mdogo wako uone zinavyofanana.

Kiwanda ni mlima mwingine. Familia za Newtown, Connecticut, ambako watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa shuleni Desemba 2012, ziliishtaki Remington, kampuni iliyotengeneza bunduki ya muuaji, kwa namna ilivyoitangaza bunduki hiyo: tangazo mojawapo liliwaambia wanaume kwamba kuimiliki ni kuthibitisha uanaume wao. Mahakama ya Juu ya jimbo iliiruhusu kesi mwaka 2019 kwa sheria ya jimbo ya biashara isiyo ya haki. Februari 2022 wakakubaliana dola milioni 73, zikalipwa na kampuni za bima, maana Remington ilikuwa imeshafilisika. Mexico nayo ilivishtaki viwanda vya Marekani kwa bunduki zinazowafikia magenge, ikashindwa Juni 2025. Majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema madai yake hayakuonyesha kuwa viwanda viliwasaidia wauzaji wahalifu.

Umeuliza kama ni haki. Kwangu, muuzaji aliyeona na bado akauza ana dhima, sina la kuongeza. Kiwanda sikitaki kilipie kila risasi inayofyatuliwa. Ninachokitaka ni kiulizwe kilijua nini. Polisi wakiokota bunduki penye uhalifu na kuomba ifuatiliwe, namba yake inaanzia kwa mtengenezaji: shirika la serikali linamuuliza alimuuzia nani, kisha linashuka hadi dukani. Kwa hiyo mtengenezaji hupata habari mapema. Akiulizwa mara kwa mara kuhusu mzigo wa msambazaji yule yule na bado akaendelea kumpelekea, huyo si mtu asiyejua. Ubaya wa sheria hii ni kwamba kesi nyingi hufutwa mlangoni, kabla kiwanda hakijalazimishwa kutoa barua na hesabu zake, kwa hiyo hakuna anayefika kwenye swali hilo. Hapo ndipo inapowaumiza watu kama mdogo wako, na ningependa Bunge lao lipaondoe.

Sasa yake. Atafute wakili wa jimbo lile lile anayeshughulika na madai ya majeruhi. Wengi hulipwa asilimia ya fidia kesi ikishinda, kwa hiyo kukosa fedha leo kusimzuie. Amwambie wakili aiombe fomu ya 4473 na picha za kamera za dukani, na aliandikie duka mapema lisifute kitu. Asichelewe: majimbo mengi hutoa miaka miwili au mitatu tu tangu siku ya kuumia.

Kiwanda asikiunganishe kwa hasira. Wazazi wa binti aliyeuawa katika ukumbi wa sinema wa Aurora, Colorado, mwaka 2012 waliwashtaki waliomuuzia muuaji risasi kwa mtandao. Kesi ikafutwa, na mahakama ikawaamuru wazazi hao kulipa gharama za mawakili wa wauzaji, zaidi ya dola 200,000. Kwa hiyo kabla wakili hajafungua chochote, mdogo wako amuulize kwa maandishi: tukishindwa, nani analipa gharama za upande wa pili?